Mchumba wa kwenye simu: tunayoyaamini katika kikao cha familia, na ukweli wake

Katika familia nyingi za Lubumbashi habari ya mchumba tapeli wa mtandaoni hujulikana siku ambayo pesa zinahitajika na hazionekani. Zamu ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, imefika, karo ya watoto inadaiwa, na mama aliyesifiwa kwa kuweka akiba anainamisha kichwa bila jibu. Ndipo linapotajwa kwa mara ya kwanza jina la mhandisi wa Ubelgiji, au daktari wa jeshi, ambaye hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kumpa mkono. Kikao huitishwa, na kila mjomba huja na maelezo yake. Nilikaa katika kikao kama hicho huko Katuba kwa ajili ya mama yangu mdogo, na mengi tuliyoyasema siku ile, ingawa nia yetu ilikuwa njema, hayakuwa kweli.

Dhana: Wanaonaswa ni wajinga, au ni wenye tamaa ya kwenda Ulaya.

Mama mdogo anauza vitenge katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Hubadilisha dola kuwa faranga kichwani haraka kuliko mimi mwenye kikokotoo, na noti ya dola iliyochanika kidogo tu kwenye ncha haipiti mkononi mwake. Tapeli hakumshinda kwa hesabu. Kwa miezi minne alimwandikia asubuhi na jioni bila kuomba kitu chochote, akamuuliza kama dawa za shinikizo la damu amezimeza, na akaikumbuka tarehe ya kifo cha mume wake, tarehe ambayo sisi wenyewe, lazima nikiri, tuliisahau. Ombi la kwanza la pesa lilipokuja, lilimfikia mtu aliyekwisha kuzoea kutunzwa.

Marekani, nchi yenye shule na benki kila kona, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea mwaka 2022 malalamiko ya watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa njia ya mapenzi. Hasara waliyoitaja ilikuwa dola bilioni 1.3, na nusu ya waliopoteza pesa walipoteza dola 4,400 au zaidi kila mmoja. Uongo uliotumiwa zaidi kuliko mwingine wote ni ule wa mtu kuumwa, kuumia au kufungwa gerezani. Uongo wa namna hiyo hugusa huruma, wala hauhitaji mtu awe na tamaa.

Dhana: Ukimwonyesha ushahidi, ataamka papo hapo.

Hapa ndipo sisi tulipokosea zaidi. Mpwa wetu alikuwa ameitafuta ile picha ya mhandisi kwa Google Lens, akagundua kwamba ni ya mtu mwingine kabisa, mwenye jina jingine na familia yake. Tuliiweka simu mezani mbele ya watu tisa, kama mahakama inavyoweka kisu cha mauaji. Mama mdogo aliitazama, akasema kwa utulivu kwamba jambo hilo analijua, kwa kuwa mchumba wake alimweleza zamani kwamba wezi huchukua picha zake na kuzitumia kwa majina mengine.

Tapeli mzoefu hutangulia kuziba njia ambazo jamaa watapitia. Alikuwa amemwambia pia kwamba ndugu zake watamwonea wivu, kwamba watakutana pembeni kumjadili, na kwamba upendo wa kweli hupimwa kwa kutunza siri. Kwa hiyo kikao chetu, pamoja na sauti zilizopanda na kicheko cha mjomba mmoja, kilitimiza utabiri wake neno kwa neno. Jioni ile ile mama mdogo alituma dola nyingine 150, jambo ambalo tulilijua baadaye sana.

Kilichosaidia hatimaye hakikuwa hoja. Yaya yake, yaani dada yake mkubwa, ambaye hakuwahi kumcheka, alikwenda kukaa naye nyuma ya meza ya vitenge siku kadhaa, akamwomba amsimulie habari hiyo tangu mwanzo, na alipokuwa akisikiliza hakutamka neno “mwizi”. Kisha akatoa ombi moja tu: kwa wiki mbili endelea kuongea naye ukipenda, lakini usimtumie pesa, nawe mwenyewe uangalie atakavyokujibu. Katika siku ya nne maneno matamu yaligeuka kuwa lawama, siku ya saba yakawa vitisho vya kusambaza picha zake. Simwahidi mtu yeyote kwamba njia hii hufaulu daima, kwa maana wapo wanaoendelea kutuma kwa miaka. Lakini mtu huamini upesi zaidi jambo aliloligundua kwa macho yake kuliko hukumu aliyosomewa.

Kicheko nacho kina gharama yake. Mnamo Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionyesha habari za mwanamke aliyepoteza euro 830,000 kwa watu waliojifanya Brad Pitt, ambao walimtumia picha za mwigizaji huyo akiwa kitandani hospitalini, zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Alidhihakiwa mtandaoni kiasi kwamba kituo hicho kilikiondoa kipindi. Kila aliyekuwa anatapeliwa wakati ule, akaiona dhihaka hiyo, alijifunza kwamba ni salama zaidi kunyamaza, na ukimya wa mwathirika ndio mtaji wa tapeli.

Dhana: Wameongea kwa video, basi mtu huyo yupo.

Zamani ushauri ulikuwa kumdai mchumba apige simu ya video, na ushauri huo umepitwa na wakati. Mwezi wa Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililopata takriban dola za Marekani milioni 46, huku likibadilisha nyuso wakati wa simu hizo hizo za video kwa kutumia akili mnemba. Habari hiyo inaonyesha pia kwamba anayeandika “habari ya asubuhi, mpenzi” anaweza asiwe mtu mmoja, bali wafanyakazi wanaopokezana zamu. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Kumwandikia matusi, kama kijana wetu alivyofanya usiku kucha, ni kupoteza megabaiti.

Dhana: Kifurushi kimekwama mpakani Kasumbalesa, na kikilipiwa kitatoka.

Kwetu hadithi hii huaminika upesi, maana sote tunajua malori yanavyolala mpakani. Hata hivyo, ushuru wa forodha hutozwa na DGDA, idara ya forodha ya Kongo, kwa hati rasmi na hulipwa benki, hautumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi aliyejitambulisha kuwa wakala. Vivyo hivyo, mwanajeshi wa Marekani halipi pesa ili apewe likizo, wala matibabu yake hayachangiwi na mchumba.

Dhana: Dawa ni kumnyang'anya simu.

Simu hiyo ndiyo inayopokea oda za wateja wake, na yeye ni mtu mzima. Ukiichukua, ataazima ya jirani, na wewe utakuwa umejitoa katika orodha ya watu anaoweza kuwaambia ukweli. Afadhali kukubaliana naye kwamba akiba itunzwe pamoja na ndugu anayemwamini, ili hakuna dola itakayotoka bila watu wawili kujua. Mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu ni jambo tofauti, na hapo daktari ashirikishwe.

Dhana: Pesa ikishatumwa, hakuna la kufanya.

Saa za kwanza zina thamani kubwa. Ikiwa imetumwa kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money na mpokeaji hajaitoa, piga simu kwa huduma ya wateja mara moja ukiwa na namba ya muamala. Uhawilishaji wa Western Union nao unaweza kusimamishwa kabla haujachukuliwa. Baada ya hapo matumaini hupungua sana, na kumficha mtu jambo hilo ni kumdanganya mara ya pili.

Kabla ya kumzuia tapeli kwenye simu, hifadhini ujumbe wote, picha, namba na risiti, kwani bila hivyo polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) hawana pa kuanzia. Utapeli unaadhibiwa na kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, na tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina pia Kanuni ya Dijitali inayohusu makosa ya mtandaoni. Kama ametishiwa kwa picha, asilipe, kwa sababu anayelipa mara moja huombwa tena.

Dhana: Amemzuia, basi yamekwisha.

Mama mdogo aliomboleza. Alijua kwamba mhandisi hakuwahi kuwepo, lakini mazungumzo ya asubuhi yalikuwepo, na soko likifungwa saa kumi na moja jioni zilibaki saa nyingi za ukimya. Yaya yake alianza kumpigia simu kila siku wakati huo, hata kama hapakuwa na la kusema.

Tena, majina ya waliotapeliwa huuzwa. Miezi mitatu baadaye aliandikiwa na “wakili” aliyedai kuzipata pesa zake zote, akitaka dola 80 tu za kufungua faili. Huo ni utapeli wa pili, na huwapata wengi waliokwisha kupoteza, kwa kuwa hakuna mwenye hamu ya kuamini kuwashinda wao. Safari hii hakujibu. Aliifunika simu kwenye kitenge, akapanda basi dogo hadi kwa dada yake, akamwomba wausome ujumbe huo pamoja.