Atlantis ya Plato: kisa kinachoihusu Athens

Anayeuliza Atlantis, kisiwa cha hadithi, ilizama wapi, namwomba kwanza amsome Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki. Kabla yake, hakuna mwandishi hata mmoja ambaye maandishi yake yametufikia aliyekitaja kisiwa hicho.

Kisa kimo katika mazungumzo mawili, Timaeus na Critias, yaliyoandikwa mnamo 360 KK. Mwanzoni mwa Timaeus, Socrates, mwalimu wa Plato, anasema ameshaieleza dola bora, na sasa anatamani kuiona ikipigana vita. Ndipo Critias, mzungumzaji ambaye mazungumzo ya pili yana jina lake, anaposimulia. Hapa wasomaji wengi hupita haraka, na hapa ndipo maana ilipo: kisa kinajibu ombi la kifalsafa, na mashujaa wake ni Waathens wa kale, watu wa nchi kavu wasiojishughulisha na dhahabu wala fedha. Adui yao, Atlantis, ana bandari, mifereji ya duara, merikebu 1,200 na tamaa ya kutawala mataifa ya wengine.

Mwathens wa zama hizo angemtambua adui huyo upesi. Plato alikulia katika vita vya Athens na Sparta. Utotoni mwake, mwaka 415 KK, merikebu za Athens zilikwenda kuivamia Sicily, na jeshi lote likaangamia. Mwaka 404 KK mji ukasalimu amri. Kwa maoni yangu, pande zote mbili za kisa ni Athens: ile aliyoitamani Plato, na ile aliyoishuhudia ikijiponza kwa ubeberu wa baharini.

Vipi kuhusu ule mlolongo wa wapokezi, kutoka kwa makuhani wa Sais huko Misri hadi kwa Solon, mtunga sheria wa Athens, kisha kwa babu yake Critias? Unavutia kama isnadi, lakini tarehe zinauangusha. Kisa kinaiweka vita hiyo miaka 9,000 kabla ya Solon; wakati huo wakazi wa Ugiriki walikuwa wawindaji na wakusanyaji, Athens haikuwapo.

Wengine hutaja volkano ya kisiwa cha Thera (Santorini), iliyoufukia mji wa Akrotiri zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Plato. Mimi naona Helike ina uzito zaidi: mji wa Kigiriki uliomezwa na tetemeko na bahari kwa usiku mmoja mwaka 373 KK, Plato akiwa hai. Huenda ulimpa picha ya maangamizi. Hoja ni yake mwenyewe.

Mazungumzo ya Critias yanakatika katikati ya sentensi, Zeus akiwa amewakusanya miungu aseme nao. Muda mfupi kabla ya hapo Plato ameshataja kosa la wafalme wa Atlantis: utajiri na madaraka viliwalevya. Anayetaka kuanza kusoma, aanze na ukurasa huo.