Kimondo cha Mbozi, Kitabu cha Mwanzo na umri wa ulimwengu

"Mwalimu, nikiandika kwenye mtihani kwamba dunia ina miaka bilioni nne na nusu, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tulikuwa tumesimama kando ya Kimondo cha Mbozi, kilima cha Marengi, mkoani Songwe, asubuhi ya baridi kali. Kiganja chake kilikuwa juu ya lile pande la chuma, kidole gumba kimetulia ndani ya mojawapo ya vishimo vilivyojaa usoni mwake. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Nami, kwa kuwa kundi jingine lilikuwa linasubiri, nilimjibu haraka haraka: andika anachotaka msahihishaji, na kanisani amini unachofundishwa kanisani.

Miaka imepita na jibu lile bado linanisumbua. Kazi yangu katika taasisi yetu ni kuwaeleza wananchi habari za miamba na malikale, na Jumapili mimi ni mzee wa kanisa. Nilikuwa na kila sababu ya kumjibu yule kijana vizuri, lakini nikamfundisha kuwa na ndimi mbili. Hapana, hakutenda dhambi. Sababu zake ndizo ninazoandika leo, kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi, walimu wa Jumapili na wachungaji wanaoulizwa swali hilohilo.

Nianze na chuma chenyewe. Kimondo kile kina urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuzidi tani 10. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji waliishi nacho siku zote. Habari zake zilifika kwa wataalamu wa nje mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Desemba ya mwaka huo mjiolojia wa serikali, D. R. Grantham, alikata kipande kidogo kwa msumeno wa mkono ili kipimwe, na kazi hiyo ilimchukua saa 10.

Vimondo vya chuma vya namna hii vikikatwa, vikasuguliwa hadi ving'ae na kupakwa tindikali, hutokeza michirizi ya fuwele zilizopishana kama ukili wa mkeka. Fuwele hizo huumbika pale tu chuma na nikeli vinapopoa taratibu mno, ndani ya tumbo la sayari ndogo ambayo baadaye ilivunjika. Kupoa kwenyewe huhesabiwa kwa nyuzi chache, au mamia ya nyuzi, kwa kila miaka milioni moja. Hakuna mhunzi anayeweza kuzifua, wala kiwanda cha kuziiga.

Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson alichapisha umri wa dunia alioupata kwa kupima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo, kikiwemo kimondo cha chuma kilichoanguka Arizona. Alipata miaka bilioni 4.55. Tangu wakati huo vifaa vimeboreshwa sana, lakini namba yenyewe haijasogea ila kidogo.

Namba hiyo hupatikanaje? Chukua punje 1,000 za karanga mbichi. Tuseme kila Jumapili nusu ya mbichi zilizobaki hukaangwa. Jumapili ya kwanza mbichi zitabaki 500, ya pili 250, ya tatu 125. Mgeni akiingia jikoni akakuta mbichi 125 na zilizokaangwa 875, hata kama hakuwepo tangu mwanzo, atajua Jumapili 3 zimepita. Urani ndivyo inavyofanya. Ni madini nururifu, yaani chembe zake hugeuka zenyewe pole pole hadi kuwa risasi. Urani-238 hupoteza nusu yake kila baada ya miaka bilioni 4.47. Ndugu yake, urani-235, hupoteza nusu yake kila baada ya miaka milioni 704. Kwa hiyo jiwe moja hubeba saa mbili zenye mwendo tofauti kabisa, na zikisomwa vizuri hutaja umri mmoja. Hili lilinishawishi mimi binafsi kuliko hoja nyingine yoyote nilipokuwa chuoni.

Saa ya namna hiyo ndiyo iliyotumika pia katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis alilikadiria kuwa la miaka 600,000 hivi. Kisha majivu ya volkano ya tabaka lile yakapimwa kwa potasiamu na agoni. Sehemu ya potasiamu ni nururifu na hugeuka pole pole kuwa agoni, ambayo ni gesi. Mwamba ukiyeyuka gesi hiyo hutoroka, mwamba ukipoa huanza kujikusanya upya. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1961 yalisema miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio ya Louis. Louis Leakey mwenyewe alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Swali la kijana wa Mbozi si geni katika nyumba za Wakristo wa Afrika Mashariki.

Sasa, hii miaka 6,000 tunayoisikia mara kwa mara inatoka wapi? Wengi hushtuka nikiwaambia wanioneshe mstari wa Biblia unaoitaja. Haupo. Ni hesabu, na tunamjua aliyeifanya ikajulikana kuliko zote: James Ussher, askofu mkuu wa Armagh, Ireland. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1650 alijumlisha umri wa mababu wa Mwanzo sura ya 5 na ya 11, akaongeza miaka ya wafalme, akalinganisha na historia za Babeli na Rumi, akaishia kwenye usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 23 Oktoba 4004 KK. Alikuwa msomi makini na sioni haki kumdhihaki. Shida ilianza mwaka 1701, hesabu yake ilipoanza kuchapwa pambizoni mwa Biblia za Kiingereza. Vizazi vikasoma pambizo na andiko kama kitu kimoja.

Wengine waliofanya hesabu hiyohiyo hawakupata jibu lake. Kalenda ya Kiyahudi huanzia mwaka 3761 KK. Wakristo wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, walianzia mwaka 5509 KK. Tofauti hiyo ya miaka zaidi ya 1,700 inatokana zaidi na nakala zenyewe. Fungua Mwanzo 5:3: Adamu alipomzaa Sethi alikuwa na miaka 130, kwa mujibu wa Kiebrania. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo Wakristo wa kwanza wengi waliisoma, inasema 230. Ukiongeza mia kwa baba huyu na mia kwa yule, dunia nzima inazeeka. Kanisa halikuwafukuza waliosoma 230 wala waliosoma 130. Halikuiweka namba hiyo kwenye ungamo la imani.

Wala kuzisoma siku sita za uumbaji kwa tahadhari si ujanja wa juzi wa kuwaridhisha wanasayansi. Agostino, askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, aliandika ufafanuzi mrefu wa Mwanzo mwanzoni mwa karne ya 5, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya darubini. Aliona kuwa jua linaumbwa siku ya nne, wakati "ikawa jioni ikawa asubuhi" imeshatajwa mara tatu, akasema siku hizo haziwezi kuwa kama siku zetu. Yeye aliamini Mungu aliumba vyote kwa pamoja. Alionya pia kwamba Mkristo akisema mambo ya ovyo kuhusu nyota na anga, akidai ndiyo maana ya Maandiko, mtu asiyeamini anayejua nyota vizuri hatamsikiliza atakapoanza kumweleza ufufuo. Nimeona onyo hilo likitimia. Nimeona vijana wa vyuo wakiacha ibada, na ukiwauliza, hawakuanza na Kristo. Walianza na miaka 6,000.

Kuna swali moja ninaloliheshimu sana, na wachungaji huniuliza: mnajuaje kwamba madini hayo yaligeuka kwa mwendo uleule zamani? Labda zamani yalikwenda mbio.

Jibu lilikuja usiku mmoja kutoka mbinguni, na silisemi kwa mafumbo. Usiku wa Februari 1987 watu wa nusu ya kusini ya dunia waliona kwa macho matupu nyota mpya ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoonekana kama kipande cha wingu upande wa kusini. Ilikuwa nyota kubwa iliyolipuka. Galaksi hiyo iko umbali wa takriban miaka nuru 160,000. Maana yake nuru ile ilikuwa safarini kwa miaka 160,000 kabla ya kutufikia. Miezi iliyofuata mwanga wake ulififia kwa kiwango kinacholingana na kobalti-56, nayo ni nururifu, ambayo hupoteza nusu yake kila baada ya siku 77. Ndivyo ilivyo katika maabara zetu leo, na ndivyo ilivyokuwa kule, zamani zile. Mwendo haukubadilika.

Hapa ndipo hoja inapoacha kuwa ya fizikia na kuwa ya imani. Kama ulimwengu wote una miaka 6,000, basi nuru ile iliumbwa ikiwa njiani, na ndani yake imechorwa habari ya mlipuko ambao haukutokea kamwe, wa nyota ambayo haikuwepo kamwe. Mungu angekuwa ametutumia ushahidi wa uongo. Tito 1:2 inamtaja "Mungu asiyeweza kusema uongo". Zaburi ya 19 inasema mbingu zauhubiri utukufu wake. Mimi siwezi kuamini kwamba mahubiri hayo ni ya kughushi. Nikiukubali umri wa mawe na nyota, ninaushika uaminifu wa aliyeviumba.

Na aliyefungua mlango wa hesabu ya ulimwengu mzima alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894, alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927, akiwa mwalimu wa chuo kikuu Leuven, alichapisha maandishi yaliyoonesha kwamba ulimwengu unatanuka, miaka miwili kabla ya vipimo maarufu vya mwanaastronomia Mmarekani Edwin Hubble. Einstein hakukubaliana naye mwanzoni. Mwaka 1931 Lemaître alikwenda mbali zaidi: kama vitu vinaachana, basi rudisha muda nyuma, utafika mahali ambapo vyote vilikuwa pamoja. Wazo hilo ndilo leo tunaliita Mlipuko Mkuu.

Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia wanasayansi na kuonesha kwamba sayansi sasa inashuhudia ile "Iwe nuru". Wengi wangetegemea padri huyu afurahi. Hakufurahi. Aliona ni hatari kuegemeza imani kwenye nadharia ambayo vipimo vya kesho vinaweza kuirekebisha, na hakutaka hesabu zake zifanywe mahubiri. Tunaposhangilia haraka kwamba sayansi imethibitisha Biblia, tunafanya kosa la aina ileile kama tunapoikataa kwa ajili ya Biblia.

Mwaka 1965 Wamarekani Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza kwamba antena yao kule New Jersey ilikuwa ikinasa mnong'ono wa mawimbi kutoka kila upande wa anga. Walishasafisha hadi kinyesi cha njiwa ndani ya antena wakidhani ndicho chanzo. Yalikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, sasa yamepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Lemaître alipata habari hizo mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki Juni 1966. Setilaiti ya Planck ya Ulaya, iliyorushwa mwaka 2009, ilipima joto hilo kwa undani, na kutokana nalo tunasema ulimwengu una miaka bilioni 13.8.

Sayansi nayo imekosea, na ni haki kulisema. Lord Kelvin, Mkristo na mwanafizikia hodari, mwaka 1862 alikadiria dunia kuwa na miaka kati ya milioni 20 na milioni 400. Madini nururifu yalikuwa hayajagunduliwa. Vipimo vya kwanza vya Hubble vilitoa ulimwengu wa miaka bilioni 2 tu, mdogo kuliko miamba yake wenyewe, aibu iliyoanza kuondoka mwaka 1952 umbali wa galaksi uliporekebishwa. Hata leo wanaastronomia wanabishana kuhusu kasi ya kutanuka. Lakini ubishi wa leo uko ndani ya mabilioni. Hakuna kipimo kinachoelekea kwenye maelfu.

Ninao majirani Wasabato, watu ninaosali nao misibani, ambao kanisa lao linafundisha kwamba siku sita ni siku za kawaida na uumbaji si wa zamani sana. Kwao jambo hili limeshikana na Sabato yenyewe, kwa mujibu wa Kutoka 20:11, na ninaelewa kwa nini haliachiki kirahisi. Huwa nawaeleza ninachokiona kwenye mwamba, nao hunieleza wanachokisoma. Hatujawahi kukoseana heshima, na ningependa darasani kwetu iwe hivyohivyo: mwalimu asimcheke mtoto kwa imani ya nyumbani kwao, na mchungaji asimtishe mtoto kwa mtihani wa Jiografia.

Siku hizi ninapopeleka wanafunzi Marengi nachukua Biblia mfukoni. Nawasomea Ayubu 38:4, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Nawaambia kwamba hakuna kati yetu aliyekuwepo, lakini vyuma vya namna hii viliganda wakati dunia ilikuwa ndiyo kwanza inajikusanya. Halafu wanapanga foleni, na mmoja mmoja anaweka kiganja.