Fostroki si tustroki: tunayoyaamini mwaloni kuhusu mashine za boti

Wengi wetu hapa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, tulikulia kwenye tustroki, mashine za mipigo miwili: changanya oili na petroli, vuta kamba, ondoka. Siku hizi fostroki, zile za mipigo minne, zinazidi kuonekana mwaloni, na nyingi zinachoka mapema kwa sababu tunazitunza kwa mazoea ya tustroki. Inaniuma, maana mashine ni mtaji wa familia nzima.

"Usipochanganya oili kwenye petroli, pistoni itaungua." Kwa tustroki ni kweli kabisa. Petroli yake hupita kwanza kwenye nyumba ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo oili lazima iandamane nayo. Nyingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Fostroki ina oili yake ya ndani, na pampu ndiyo inayoipeleka kwenye krenki na valvu. Ukiichanganyia, oili huungua bure, plagi huwa nyeusi na masizi hujaa kwenye valvu. Mwenye mashine za aina zote mbili atenge madumu ya rangi mbili tofauti, kwa kuwa kosa la upande wa pili, petroli tupu kwenye tustroki, linaua mashine safari hiyohiyo.

Wengine hujaza oili kupita alama wakisema ni akiba. Oili iliyozidi hupanda kwenye njia ya hewa, mashine ikatoa moshi na kuchafua plagi. Pima oili mashine ikiwa wima, imezimwa kwa dakika kadhaa.

Kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Kapteni anakuja na furaha: "Fundi, mashine yangu haili oili, kila nikipima imeongezeka!" Oili haizaliani. Kinachoongezeka ni petroli inayopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Nusa kile kijiti cha kupimia, utaisikia. Oili ya namna hiyo ni nyepesi mno, chuma kinasuguana na chuma. Sababu moja ni kuunguruma polepole kwa muda mrefu mashine ikiwa baridi. Nyingine ni ile tabia ya kung'oa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la mashine, eti ipoe vizuri. Fostroki inahitaji kufikia joto lake la kazi, la sivyo petroli haiungui yote. Irudishe themostati, mwaga oili yote, weka mpya.

Kuhusu rangi, weusi usikutishe. Oili imebeba uchafu, na hiyo ndiyo kazi yake. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, usitoke ziwani.

"Oili hubadilishwa kila miezi 6." Vitabu vingi vinasema baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi 6, kitakachotangulia. Tunashika miezi, tunasahau saa. Boti ya dagaa ikitembeza mashine saa 4 kwa usiku, katika usiku 22 za giza ni saa 88. Kwa hiyo mbalamwezi inapotulaza nyumbani, ndio wakati wa kumwaga oili.

Kisha kuna kubeba. Kwa kuogopa wezi tunafungua mashine alfajiri, tunaipakia kwenye bodaboda, tunailaza sebuleni. Tustroki ilivumilia mengi. Fostroki ndogo ina upande wake maalumu wa kulalia, umeonyeshwa kwenye kitabu chake. Ukiilaza vibaya, oili hutiririka hadi kwenye silinda, na jioni kamba haivutiki. Usiite vijana wenye nguvu wavute! Oili haibonyei kama hewa, konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na krenki, inaweza kupinda. Simamisha mashine, toa plagi, vuta taratibu mpaka oili itoke. Na njiani kichwa kiwe juu kuliko propela, maana maji yaliyobaki mguuni, sehemu ya chini ya mashine, yanaweza kurudi kwenye silinda kupitia njia ya moshi.

Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo haliozeshi chuma kama bahari ya Tanga. Lakini mchanga wa ufukweni unasaga impela, gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza kwenye pampu, na kuwasha mashine nchi kavu "tuisikie tu" huunguza mpira wake kwa sekunde chache. Ukishawasha, tazama kama inakojoa, yaani inatoa kijito cha maji ya kupoza. Kijito kikiwa chembamba kuliko kawaida, zima.

Serikali ilipopumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi tulidhani mashine isiyofanya kazi haiharibiki. Inaharibika. Petroli inayokauka ndani ya kabureta huacha utomvu unaoziba jeti, vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Kabla ya kuhifadhi, ichovye kwenye pipa la maji, iwashe, chomoa mpira wa petroli, iache ijizime yenyewe. Badilisha oili kabla ya kuihifadhi, si siku ya kurudi ziwani, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na unyevu vinavyokula chuma miezi yote hiyo. Ihifadhi wima. Fungua na propela, uangalie kama uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti. Uzi huo hukata sili, mpira unaozuia maji, na maji yakishaingia kwenye gia, utaanza kutafuta spea.