Hatari za usalama katika mnyororo wa ugavi: maana yake na namna ya kuzidhibiti

Mnyororo wa ugavi ni njia nzima inayopitiwa na bidhaa hadi imfikie mnunuzi: kiwanda, meli, bandari, wakala wa forodha, lori, ghala, duka. Siku hizi kila kituo kina programu yake, na programu hizo zinapeana taarifa usiku na mchana. Tunaposema hatari ya usalama katika mnyororo huo, tunamaanisha madhara yanayokufikia kupitia mtu, programu au kifaa ulichokikaribisha mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni NotPetya, virusi vya kompyuta. Tarehe 27 Juni 2017 wavamizi waliokuwa wameingia kwenye seva za M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi inayotumiwa sana Ukraine, walipitisha virusi ndani ya masasisho yake. Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, ilikuwa na programu hiyo katika ofisi yake ya Ukraine. Virusi vilienea kwa kuiba nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu za kompyuta, na malori yakapanga foleni kwenye malango ya bandari ng'ambo ya pili ya dunia. Kampuni ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10.

Seva za Maersk zilizokuwa na orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi, na kila moja ilinakili nyenzake. Hilo lilionekana kuwa kinga tosha, ila zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo zikafutika pamoja. Iliyosalimika ni moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale kabla ya shambulio. Nakala iliyounganishwa na mtandao saa zote hufa pamoja na mwenzake. Wengi bado hawajalizingatia hili.

Hatari hizi haziishii kwenye kompyuta. Katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, wauza kokeini waliwatumia wadukuzi kuanzia 2011 ili kupata namba za siri za kutolea makontena. Mwanzoni walituma barua pepe zenye virusi. Njia hiyo ilipozibwa, waliingia ofisini na kuficha vifaa vya kunasa yanayochapwa, vingine ndani ya soketi za nyaya za umeme. Dereva wao alifika na namba sahihi, akachukua kontena kabla ya mwenyewe kufika. Udhaifu wenyewe ulikuwa kwamba namba ile haikuuliza aliyeishika ni nani.

Kwetu, teknolojia ya kuangalia kwa makini ni sili ya kielektroniki inayofungwa kwenye mzigo unaosafirishwa kutoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali. Ndani yake mna kipokezi cha GPS na laini ya simu. Ikifunguliwa au lori likiacha njia, kituo cha udhibiti hupata taarifa. Ila mawimbi ya GPS, yanayotoka kwenye setilaiti, hufika ardhini yakiwa hafifu mno, na kifaa kidogo cha kuyavuruga chatosha kuyazima. Tena sili hulinda kitasa tu. Mwizi anayekata ribiti za mpini wa mlango hufungua kontena huku sili ikiripoti kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo usiridhike na skrini: piga picha ya mlango wote, bawaba na ribiti zikionekana, linganisha uzito wa mzani wa kuondokea na wa kufikia, na ukimya wa kifaa uuchukulie kama tukio la kuulizwa papo hapo.

Udhibiti huanza na orodha. Andika kila anayeingia kwenye mifumo yako: muuza programu ya hesabu, wakala wa forodha, aliyefunga kamera, kampuni ya kufuatilia magari. Mbele ya kila jina jibu: akisimama leo, mzigo unatoka au hautoki? Akidukuliwa, mvamizi atafika wapi? Majibu hayo ndiyo yakuelekeze pa kuanzia. Kila fundi wa nje apewe akaunti yake, yenye hatua mbili za uthibitisho na tarehe ya kufungwa. Akaunti moja ya watu watano haina wa kuulizwa.

Masasisho usiyazime, programu isiyosasishwa ni hatari kubwa zaidi. Yajaribu kwanza kwenye kompyuta chache, kisha uyaeneze, na yale yanayoziba tundu linaloshambuliwa tayari yapite haraka. Mdai pia muuzaji orodha ya vijenzi vya programu yake. Desemba 2021, kasoro ya Log4j, kijenzi kilichomo ndani ya programu nyingi, ilipojulikana, kampuni nyingi zilikesha zikitafuta kama zinayo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika orodha hiyo.

Barua pepe ya msambazaji ikikuletea akaunti mpya ya benki, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Nakala rudufu moja ikae kwenye diski iliyochomolewa. Kila baada ya miezi mitatu ijaribuni kwenye kompyuta tupu, mtu akishika saa, kisha tarehe na muda uliotumika viandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.