Hatua 10,000 zilitoka wapi?

Jioni ukipita Raskazone, hapa Tanga, utawakuta watu wamekodolea simu macho: hatua 9,400, bado 600, kisigino kinauma lakini harudi mtu nyumbani. Wanaamini madaktari ndio walioipanga elfu kumi kwa siku. Wapi! Ni jina la bidhaa. Mwaka 1965 huko Japani kiliuzwa kifaa cha kuvaa kiunoni, manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000.

Utafiti wa Marekani wa 2019 uliwafuatilia wanawake wazee: waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walifariki wachache kuliko wa 2,700, na kufikia 7,500 hivi faida ikaacha kuongezeka.

Na baiskeli, ambayo kwetu Tanga ndiyo miguu yenyewe, si hatua. Mie yangu huiegemeza ukutani, nikaagiza kahawa chungu na kashata.