Hekalu la Antoninus na Faustina: nguzo kumi na kanisa lililojengwa nyuma yake

Katika uwanja mkuu wa Roma ya kale, uitwao Forum Romanum, ni mahekalu machache sana ambayo mtu anaweza kuyatambua leo kwa umbo lake bila kusaidiwa na mchoro. Hekalu la Saturn limebakiwa na nguzo nane, la Castor na Pollux lina nguzo tatu, na lile lililojengwa kwa heshima ya Julius Caesar limebaki tuta la zege. Hekalu la Antoninus na Faustina, lililopo upande wa kaskazini kando ya barabara ya Via Sacra, bado lina nguzo zote kumi za baraza lake la mbele, na sehemu kubwa ya kuta zake za pembeni ingali imesimama. Mimi ni mtafiti wa majengo ya kale, na hili ndilo hekalu ninaloanza nalo ninapowafundisha wengine namna ya kusoma magofu, kwa sababu linaonyesha wazi jambo ambalo mara nyingi tunalisahau: jengo la kale husalimika linapopata wenyewe wapya kabla halijaporomoka, na wenyewe hao hao ndio hulijeruhi.

Historia yake inaanza na msiba. Faustina, mke wa mfalme mkuu Antoninus Pius, alifariki mwishoni mwa mwaka 140 kwa mujibu wa kumbukumbu zilizochongwa kwenye mawe ya mji wa Ostia, ingawa vitabu vingi bado vinataja mwaka 141. Asichanganywe na binti yake mwenye jina hilo hilo, aliyeolewa na Marcus Aurelius. Seneti ilimtangaza marehemu kuwa miongoni mwa miungu, ikaamuru ajengewe hekalu. Antoninus alianzisha pia mfuko wa kuwalea wasichana maskini kwa jina la mkewe, na sarafu nyingi zilizotolewa baada ya kifo cha Faustina zilibeba sura yake. Baadhi ya sarafu hizo zinaonyesha hekalu lenyewe, likiwa na nguzo sita mbele na sanamu ndani, na kwetu watafiti ni ushahidi wa thamani kubwa, kwani paa na pembetatu ya mbele iliyokuwa juu ya nguzo vimetoweka kabisa.

Kwa miaka ishirini hivi hekalu lilikuwa la Faustina peke yake. Antoninus alipofariki mwaka 161, naye akatangazwa mungu, warithi wake hawakumjengea hekalu jingine bali walimwingiza katika lile la mkewe. Badiliko hilo lingali linasomeka kwa macho matupu. Kwenye boriti ya mawe inayokalia vichwa vya nguzo pameandikwa DIVAE FAVSTINAE EX S C, yaani hekalu ni la mungu Faustina kwa azimio la Seneti. Juu ya maneno hayo, katika ukanda ambao hapo awali haukuwa na maandishi hayo, uliongezwa mstari wa DIVO ANTONINO ET, ili jina la mume lisomwe kwanza kisha liungane na la mke. Ukitazama kutoka barabarani unaona mistari miwili ya tungo moja. Mstari wa chini ndio uliotangulia, na ukiusoma peke yake unajitosheleza, ilhali wa juu hauwezi kusimama bila wa chini. Sijui mahali pengine pale Forum ambapo hatua mbili za jengo moja zinajieleza zenyewe kwa uwazi namna hii.

Nguzo zenyewe zinastahili kutazamwa kwa ukaribu. Ni sita mbele, na mbili zaidi zinafuata nyuma kila upande. Kila moja ni jiwe moja zima lenye urefu unaozidi mita 10, la marumaru ya kijani yenye michirizi ya kijivu, iliyochimbwa Karystos kusini mwa kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki. Machimbo hayo yalikuwa mali ya mfalme, na hadi leo katika milima ya huko zimelala nguzo kubwa zilizochongwa na kuachwa bila kusafirishwa. Marumaru hii ina udhaifu mmoja, kwamba hubanduka kufuata tabaka zake kama kitunguu, na ndiyo maana mafundi hawakuipiga mifereji ya wima iliyozoeleka kwenye nguzo za Kirumi. Waliiacha laini, uzuri wake ukatokana na rangi. Kuta ni za jiwe la volkeno la kijivu ambalo hapo zamani lilifunikwa kwa mabamba ya marumaru. Mabamba yameng'olewa, lakini juu kabisa umebaki ukanda mzuri ajabu wa michongo ya wanyama wa kubuni wenye mwili wa simba na mabawa ya tai, wakikaa wawili wawili kuelekeana, kati yao kukiwa na vinara na majani yaliyojikunja.

Katika Enzi za Kati hekalu likageuzwa kanisa la Mtakatifu Lorenzo, ambaye kwa mapokeo ya Wakristo alihukumiwa kifo mahali hapo. Karibu na mwaka 1430, Papa Martin V alilikabidhi kwa chama cha wauza dawa wa Roma, ambacho kimeendelea kulishikilia hadi leo. Mwaka 1536, Charles V, mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi, alipoingia Roma kwa msafara wa ushindi, vibanda na vyumba vya ibada vilivyokuwa vimejazana kati ya nguzo vilibomolewa ili njia ipendeze. Ngazi za marumaru nazo zilichukuliwa, na zile za matofali unazoziona sasa ni za kisasa.

Wageni wengi huonyeshwa mikato ya mshazari sehemu ya juu ya nguzo, wakaambiwa kwamba ni ya kamba zilizotumika kujaribu kuziangusha. Maelezo hayo yananipa shida. Anayetaka marumaru ya nguzo sharti kwanza aondoe boriti nzito iliyo juu yake, na boriti hiyo haikuguswa. Kuvuta nguzo ikiwa imebeba mzigo huo kungebomoa kanisa pamoja na watu wake, na jiwe lenyewe lingepasuka vipande visivyo na kazi. Naona ni rahisi zaidi kukubali maelezo ya pili, kwamba mikato ilishikilia paa la mteremko la majengo yaliyoegemezwa hapo kabla ya mwaka 1536.

Kuanzia mwaka 1602 kanisa lilijengwa upya kwa mtindo wa baroko, yaani wa mapambo mengi uliotawala Ulaya karne ya 17, chini ya msanifu Orazio Torriani. Ardhi ya Forum wakati huo ilikuwa imeinuka mno kwa kifusi cha karne nyingi, hivyo mlango uliwekwa sawa na ardhi hiyo. Karne ya 19 ilipofukua kifusi na kufikia usawa wa Kirumi, mlango ukabaki juu hewani, mita kadhaa kutoka sakafu ya baraza, na waumini wakalazimika kuingilia upande wa nyuma. Wapo wanaouona mlango huo kuwa kasoro inayoharibu sura ya hekalu. Mimi nauthamini sana, kwa kuwa ni kipimo kamili cha kimo cha ardhi ya Roma kabla ya wachimbaji kufika, na hakuna mchoro unaoweza kukieleza vizuri zaidi.

Uchimbaji uliendelea hata chini ya usawa wa Warumi wa Antoninus. Mwaka 1902 mwanaakiolojia Giacomo Boni alifukua, pembeni mwa hekalu, makaburi ya Enzi ya Chuma yaliyotangulia ujenzi wake kwa zaidi ya miaka mia nane. Baadhi yalikuwa na majivu ya marehemu ndani ya vyungu vilivyofinyangwa kwa umbo la kibanda, vyenye paa na mlango mdogo.