Maana ya kuchanganya kaliba: pale risasi isiyo yake inapoingia kwenye bunduki

Kuchanganya kaliba, yaani vipimo vya risasi na mtutu, ni kupakia kwenye bunduki risasi ambayo haikutengenezewa bunduki hiyo, huku mpakiaji akiamini kuwa ndiyo yenyewe. Mara nyingi kosa hujifichua lenyewe: risasi inakwama, bolti inayoziba kwa nyuma chemba, yaani sehemu ya mtutu inayokaa risasi, haifungi, mtu anaitoa na kuitazama upya. Balaa liko kwenye jozi chache ambazo risasi isiyo yake huingia, bolti ikafunga, na fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, ikawasha baruti. Kuingia kwa risasi hakuthibitishi chochote, na watu wengi wanaoshika bunduki bado wanaamini kinyume chake.

Chanzo kimoja ni majina. Mtu akiomba risasi za "7.62" bado hajataja risasi yoyote, kwa kuwa kuna 7.62×39, 7.62×51 na 7.62×54R, na kila moja ina bunduki zake. Nambari ya kwanza hukadiria kipenyo kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda linalobeba baruti. Jina lazima litamkwe lote.

Jozi inayonitia hofu kuliko zote ni .300 Blackout na 5.56×45, pamoja na pacha wake wa kiraia, .223 Remington. Risasi ya .300 Blackout ilibuniwa kwa kufupisha ganda la 5.56 hadi milimita 35 hivi na kulifungia kichwa kinene, yaani kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Kwa makusudi kabisa, inatumia magazini ileile na bolti ileile. Bunduki mbili za namna hiyo hutofautiana mtutu tu. Hivyo magazini moja iliyojazwa kimakosa inatosha. Ganda ni fupi, kwa hiyo chemba ya 5.56 inalipokea, na kama kichwa ni kifupi au kimesukumwa ndani ya ganda wakati wa kupakia, bolti inaweza kufunga. Kichwa hicho kina kipenyo cha milimita 7.82. Mtutu ulio mbele yake umetengenezewa kichwa cha milimita 5.69. Baruti ikishawaka, gesi haina pa kwenda: kichwa hakipiti, shinikizo linapanda ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ganda linapasuka, na gesi inarudi nyuma kupitia bolti na chini kupitia magazini. Hapo ndipo ulipo mkono wa mpigaji, na uso wake hauko mbali. Kinyume chake si hatari kiasi hicho, kwa sababu ganda la 5.56 ni refu mno kwa chemba ya .300 Blackout na bolti haifungi.

Kwenye bunduki za uwindaji, .308 Winchester ndani ya .270 Winchester hufuata mkondo uleule: ganda fupi ndani ya chemba ndefu, kichwa cha milimita 7.82 mbele ya mtutu wa kichwa cha milimita 7.04. SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi ya Marekani, imeiweka jozi hii kwenye orodha yake ya michanganyiko isiyo salama.

Suala la 5.56 na .223 ni jembamba zaidi. Kwa nje maganda yao yanalingana. Tofauti iko kwenye chemba: ile ya 5.56 inaacha nafasi ndefu kidogo kabla kichwa hakijagusa mifuo ya mtutu, ile mikato ya ndani inayokizungusha. Risasi ya 5.56 ikipigwa kwenye chemba finyu ya .223, shinikizo linaweza kuzidi kiwango. Bunduki ya 5.56 hupiga .223 bila shida ya usalama. Usigeuze mpango huo.

Bunduki za marisau zina hatari ya namna yake. Ukubwa wa mitutu yao hupimwa kwa geji, na nambari kubwa humaanisha mtutu mwembamba zaidi. Risasi ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba. Mpigaji anaona chemba tupu, anapakia geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu ulioziba unaweza kupasuka. Ndiyo maana risasi za geji 20 kwa kawaida hutengenezwa zikiwa za manjano.

Kinga ya kwanza ni kusoma maandishi ya kitako cha ganda na kuyalinganisha na yaliyochongwa kwenye mtutu. Lakini kitako hakisemi kweli daima. Risasi nyingi za kijeshi hubeba alama ya kiwanda na mwaka tu, bila kaliba. Na wanaojaza risasi wenyewe hukata maganda ya 5.56 kutengeneza .300 Blackout, kwa hiyo kitako kinaendelea kutaja kaliba ya zamani. Tazama basi na umbo: bega la ganda, pale linapoanza kupungua unene, liko wapi, kichwa kina unene gani. Mezani weka kaliba moja tu kwa wakati mmoja, magazini za kila bunduki zipe rangi yake, na risasi uliyoikuta imezagaa bila boksi usiipige. Bolti ikigoma, usiisukume kwa nguvu.

Mtutu nao ukiwa umewahi kubadilishwa au chemba yake kuchongwa upya, maandishi yake hayategemeki. Fundi wa bunduki humimina ndani ya chemba madini yanayoyeyuka kwa joto dogo, akayaacha yagande, kisha akapima umbo linalotoka.